Mdogo wangu, umemtundika mke

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa, mbele ya watu, kwa sababu ujumbe wa simu unausoma na hujibu. Jina lako sitalitaja. Wanaume wenzio walioacha wake Unguja wakenda Maskati na Dubai nao wasome, si wewe peke yako.

Alhamisi nilimsindikiza wifi yangu, mkeo wa kwanza, kwa kadhi. Tulikaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Alikuja na kofia anayoishona, akawa anapitisha sindano kwenye vitundu huku akisikilizia jina lake liitwe. Nikakumbuka uliyovaa kwenye picha ya Idi, bibi harusi mpya kakuegemea. Ile nayo ni kazi ya mkono wake. Alikuwa akiishona usiku, watoto wakishalala.

Hakuna aliyekukataza kuoa wa pili. Lakini aya ya wake wanne mmeihifadhi, mkifika ya 129, sura hiyohiyo ya An-Nisaa, sauti zinakauka. Mwenyezi Mungu anasema hamtaweza kufanya uadilifu baina ya wake hata mkikakamia, basi msimwelemee mmoja moja kwa moja mkamwacha mwingine kama aliyetundikwa. Miaka mitatu hujatuma hata pesa ya unga, na talaka hutoi. Si mke, si mtalaka. Kama huku siko kutundika, niambie ni nini.

Halafu ukamwambia, "Akitaka, ajinunue." Arudishe mahari na milioni tatu juu. Mahari yapi? Zile bangili mbili zimekwenda kwa sonara mwaka juzi, mwanao alipolazwa. Laki tano iko juu ya paa, mabati uliyoyaacha yanavuja.

Khului, huko mke kujinunua, ina kisa chake, na unakijua. Mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume (S.A.W.) akasema hamlaumu mumewe kwa tabia wala kwa dini, ila hawezi kukaa naye. Akaulizwa kama atarudisha bustani aliyopewa mahari, akakubali, na Thabit akaamrishwa aipokee bustani yake na amwache. Pale mume hakuwa na kosa. Wewe umehama, umeoa, umekata matumizi, na bado unataka ulipwe wewe! Aya ya 19 ya An-Nisaa inakataza kuwabana wake ili mpokonye katika mlivyowapa. Ya 20 ndiyo yako hasa: mkitaka kubadilisha mke kwa mke, hata kama wa kwanza mlimpa rundo la mali, msichukue humo kitu.

Rafiki zako watakwambia wanazuoni wengi wamejuzisha mume kupokea zaidi ya mahari. Ni kweli, mke akiwa karidhia, si kabanwa mpaka akasema ndiyo. Na mimi nina langu hapa: huniuma kwamba wewe unamaliza ndoa kwa neno moja, bure, na yeye apande daladala kwa sheha, kwa kadhi, arudi wiki ijayo, faili halijaonekana. Wako masheikh watakaonikemea kwa kusema hivi. Wanikemee.

Bulugh al-Maram, kitabu cha hadithi, uliisoma kwa maalim wetu, mimi nikisikiliza dirishani. Humo mna habari ya Sayyidna Umar kuwaandikia makamanda wa majeshi juu ya wanaume walioko mbali na wake zao: ama watume matumizi, ama waache, na wakiacha watume matumizi ya muda wote waliowazuilia. Wale walikuwa vitani. Wewe uko dukani, kwenye kiyoyozi.

Na katika madhehebu yetu ya Shafi nafaka ya mke, yaani matumizi yake, haifi kwa kupitwa na siku, inabaki deni shingoni. Vitabu vimeipima: mwenye uwezo vibaba viwili kila siku, wa kati kimoja na nusu, fukara kimoja. Nimekaa na kalamu nikahesabu. Tukufanye fukara, na picha zako hazisemi hivyo, miaka mitatu ni zaidi ya vibaba elfu moja vya chakula. Nguo bado sijaziweka.

Kadhi anaweza kuifasikhi ndoa, yaani kuivunja mwenyewe, kwa kukosekana matumizi, na ndiko tunakoelekea. Ametaka watu wa kueleza kwamba hutumi kitu. Wa kwanza ni mwenye duka anapokopa unga. Wa pili ni mimi. Mama amelia, kasema dada hasimami mahakamani dhidi ya nduguye wa tumbo moja. Nimemwambia nitasimama.

Kesi imeahirishwa wiki tatu. Ukitaka kunipunguzia aibu hiyo, andika talaka mwenyewe, tuma na ile nafaka hata kwa mafungu, na karatasi uitie sahihi mbele ya mashahidi. Tarehe iandike wazi, isomeke, ili eda yake ihesabiwe toka siku hiyo na asije mtu akamwambia aanze upya.

Dada yako.