Heller ya Tabora haina mwaka wa kutafuta

Ndugu Mhariri,

Wanaookota sarafu za kale mashambani na viwanjani hapa Tabora wanapeana ushauri kwenye simu: mwaka ukifutika, tumbukiza sarafu kwenye ndimu au asidi ya betri, utarudi. Nusu ya ushauri huo ni kweli. Nusu nyingine inaharibu vitu ambavyo havitagongwa tena.

Kweli yenyewe ni kwamba muhuri unapogonga sarafu, metali iliyo chini ya tarakimu hubanwa tofauti na ya pembeni, na mbano huo huzama kuliko jicho linavyoona. Tarakimu ikilika hadi ikawa bapa, mbano bado upo, na asidi hula palipobanwa na pasipobanwa kwa kasi tofauti. Ndivyo pia inavyosomwa namba ya bunduki iliyopigwa tupa. Waliobobea ni wakusanyaji wa Marekani, kwa senti 5 zao za nyati za 1913 hadi 1938. Mwaka wake uliwekwa mahali palipoinuka, ukalika kabla ya mengine yote.

Ila senti hizo ni shaba 75% na nikeli 25%, na njia hii inafaa mchanganyiko huo. Kwetu utaukuta kwenye heller 10 (heller ilikuwa senti ya rupia ya Mjerumani alipotutawala) zenye tundu, za 1908 hadi 1914, na kwenye shilingi na senti 50 za 1966 zenye sura ya Mwalimu.

Kama ni lazima, tumia bilauri, si sufuria. Changanya vijiko vinne vya siki nyeupe ya dukani na kijiko kimoja cha haidrojeni peroksaidi ya 3%, ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Ikiwa chupa imeandikwa 6%, izimue kwanza kwa maji kiasi kilekile. Laza sarafu, upande wa mwaka juu, ukiwa nje ya nyumba. Chungulia kila nusu saa. Maji yakianza kuwa na rangi ya buluu au kijani, hiyo ni shaba inayotoka. Mwaka ukisomeka ungali umelowa, itoe hapohapo, maana ikilala humo usiku kucha uso wote unakuwa kama msasa na tarakimu zinakwenda na vingine. Isuuze kwenye maji yenye chembe za magadi ya kupikia maharage, kisha maji matupu, halafu ibonyeze kwa kitambaa bila kusugua. Kivuli cha tarakimu ni chepesi, kidole tu kinakiondoa.

Usifunge bilauri, hewa inayotoka inaweza kuipasua. Usichanganye na dawa ya kung'arishia nguo, inatoa gesi ya klorini. Maji yaliyobaki usiyamwage wanapokunywa kuku. Asidi ya betri isiguswe kabisa: inaunguza ngozi na macho.

Sasa sarafu yetu wenyewe. Heller 20 zenye herufi T ziligongwa hapahapa Tabora na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na zote ni za 1916. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia mjini. Anayeiloweka heller ya T ili aone mwaka anatafuta jibu analolijua tayari!

Kinachotofautisha heller hizo ni ukubwa wa taji na ncha za herufi L katika neno HELLER: nyingine zimepinda, nyingine zimechongoka. Ni mistari myembamba, na ndiyo asidi huanza nayo. Tena zipo za shaba nyekundu na za shaba ya manjano. Ya manjano ikikaa kwenye ndimu, zinki hutoka juu juu, uso ukabaki na wekundu, mnunuzi akadhani ni ile nyingine. Mwenye shaka aangalie ukingo pale palipokwaruzwa zamani, umanjano utachungulia. (Ile ya dhahabu, rupia 15 yenye tembo, siki haiigusi, lakini wanaoiokota ni wachache mno kuhitaji ushauri.)

Kabla ya asidi yoyote, ioshe kwa maji na sabuni laini, ikauke. Ingia chumba chenye giza, washa tochi, ilaze karibu usawa na uso wa sarafu, kisha izungushe sarafu polepole. Tarakimu ambazo mchana hazionekani hutupa vivuli, na mara nyingi tarakimu ya mwisho, ndiyo inayotafutwa, inasomeka bila tone la siki.

Na anayeuza sarafu iliyopita kwenye asidi aseme. Chini ya lenzi vishimo vyake vinaonekana hata hivyo, na bei itashuka palepale.

Mkusanyaji wa sarafu,
Tabora