Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawakaribisha nyote, hasa mliotoka mikoani. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: kuokoa zisiharibike filamu za mafunzo zilizotengenezwa na serikali, ile ya kikoloni na hii ya baada ya uhuru.

Wanachama wapya wameniuliza haraka yetu inatoka wapi. Inatoka Vugiri. Mwaka 1935, kwenye milima ya Usambara, ulianzishwa mradi wa majaribio ya sinema za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani na baraka za Wizara ya Makoloni ya Uingereza. Meja L. A. Notcutt na wenzake walipiga picha, wakazisafisha huko huko Vugiri, kisha wakazipakia kwenye lori na kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland (Zambia na Malawi za leo). Mradi ulipofungwa mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35 hivi. Zinazojulikana kubaki ni tatu, nazo zimehifadhiwa na British Film Institute, Uingereza: moja ya minyoo ya safura, moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na moja ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro.

Hizo tatu nazo ni bubu. Maelezo, kwa Kiswahili na lugha nyingine, yaliwekwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Leo tunawaona wakulima wa Kingolwira, lakini hatusikii watazamaji waliambiwa nini juu yao.

Nimesikia hoja kwamba hizo zilikuwa propaganda za mkoloni na hazistahili kuhangaikiwa. Propaganda zilikuwamo, tena za kudharau watu: mwanakijiji mjinga anakosea, mwerevu anayefuata maagizo ananeemeka. Lakini nyuso, majembe, nyumba na mavazi ni ya babu na bibi zetu, na hata dharau yenyewe ni ushahidi ambao wajukuu wana haki ya kuuona. Hoja hiyo pia haigusi kabisa filamu zilizotengenezwa na sisi wenyewe, baada ya Tanzania Film Company kuundwa mwaka 1968, zikihimiza vijiji vya ujamaa, afya na kilimo.

Sasa niseme juu ya makopo ya filamu tuliyo nayo. Filamu nyingi za milimita 16 ni za asetati, aina ya plastiki. Joto na unyevu vikizidi, asetati huanza kutoa asidi: unafungua kopo na harufu ya siki inakupiga puani. Ukanda hujikunja kingo, hunywea, na mwisho haupiti tena kwenye mashine. Tulipoweka karatasi za kupimia asidi ndani ya makopo tuliyokabidhiwa, baadhi ziligeuka kutoka bluu kuwa kijani, na chache zikawa njano. Hizo za njano tumezitenga, kwa sababu mvuke wake huharibu na za jirani.

Kamati iligawanyika juu ya hatua inayofuata. Wengine wanataka fedha zote ziende kwenye skana, mashine ya kunakili filamu kidijitali. Mimi nashauri tuanze na chumba chenye ubaridi na mashine ya kukausha hewa. Kunakili kidijitali ni kazi ya polepole, na kopo la mwisho kwenye foleni litakuwa limeshaoza kabla ya zamu yake. Ubaridi unayanunulia muda makopo yote kwa pamoja.

Kuna jambo lisilosubiri hata chumba hicho. Magari ya sinema yalikuwa na msemaji aliyeshika kipaza sauti, akiwaeleza watu picha kwa lugha yao, akijibu maswali, akiongeza yake. Maneno yake hayamo kwenye ukanda wowote. Yamo vichwani mwa wazee waliokaa chini uwanjani usiku ule, na wazee wanatutoka. Naomba kila tawi lianze kuwarekodi, kwa simu tu, kabla ya tarehe 27 Oktoba, Siku ya Dunia ya Urithi wa Picha na Sauti, ambapo tutawasikiliza pamoja.

Hoja ya chumba cha ubaridi itapigiwa kura mchana huu. Fomu za kuandikisha wazee ziko mezani kwa katibu.

Mwenyekiti