Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kwa nini hatutoi ile takwimu

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita mlinipa kazi moja: chama kitoe takwimu ya kuenea kwa ukatili wa majumbani kutokana na fomu za uchunguzi wa majeraha tunazowajazia waathirika wanaofika vituoni kwetu, zile zinazokwenda mahakamani. Nimesimama mbele yenu bila takwimu hiyo. Kamati iliikalia miezi mingi, ikaamua isiitoe. Najua wapo watakaokasirika, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi na mengine nitayapitia mbiombio.

Fomu yetu humwona aliyefika tu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 10 na kuwahoji wanawake zaidi ya 24,000. Wahojaji waliwafuata nyumbani, wakazungumza nao faraghani, na hawakuwauliza kama wamefanyiwa ukatili. Waliuliza vitendo: amewahi kukupiga kofi, kukusukuma, kukukaba? Waliosema wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenzi wao walikuwa kati ya asilimia 15 na 71, kutegemea mahali. Sasa sikilizeni hili: kati ya waliopigwa, asilimia 55 hadi 95 hawakuwahi kwenda polisi, kwenye makazi ya hifadhi wala kwenye shirika lolote la msaada. Hao hawamo katika makabati yetu. Makadirio ya 2021 yanasema asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenzi wamekutana na ukatili wa aina hiyo angalau mara moja. Idadi kama hiyo hupatikana kwa kubisha hodi mlango kwa mlango. Kuhesabu majalada hakutufikishi huko.

Kuna jambo jingine ambalo kila mmoja wenu analijua. Kituo kikipata muuguzi mwenye subira, anayemtoa mume nje kwanza ndipo aulize, fomu huongezeka. Akihamishwa, ukatili “hupungua”. Tungetangaza takwimu yetu, tungekuwa tunapima bidii ya wauguzi.

Hata hivyo kazi haikupotea. Ili tuamue, ilibidi tusome fomu za zamani, majina yakiwa yamefutwa. Tuliyoyakuta yanatuhusu sisi, wala si watuhumiwa.

La kwanza ni neno “mchubuko”. Katika fomu zetu limebeba kila kitu: ngozi iliyokwanguka, damu iliyovilia chini ya ngozi, hata uvimbe. Hakimu afanye nini na neno hilo? Tumekubaliana kwamba mchubuko ni ngozi iliyokwanguka. Penye damu iliyovilia tuandike hivyo hivyo, damu imevilia. Vivyo hivyo mpasuko na mkato. Kitu butu hupasua ngozi, kingo zikabaki zimechanika na nyuzi za nyama zikashikana ndani ya jeraha. Chenye makali hukata safi. Aliyeandika mpasuko kwa jeraha la kisu amempa wakili wa utetezi zawadi.

La pili ni umri wa jeraha. Wapo wanaoandika “siku tatu” kwa kutazama rangi. Rangi haisemi hivyo. Tunachoweza kukitegemea kidogo ni kwamba umanjano hauonekani kabla ya saa 18 hivi; zaidi ya hapo ni kubahatisha, na kwenye ngozi nyeusi hata kubahatisha ni shida. Andika ukubwa kwa sentimita, mahali, umbo na rangi uliyoiona, kisha ukome. Mrudishe mgonjwa baada ya siku moja au mbili, maana damu nyingine huchelewa kujitokeza, na picha ya pili mara nyingi husema kuliko ya kwanza.

La tatu ndilo lililoninyima usingizi: koo. Mwaka 2001 Gael Strack, mwendesha mashtaka wa Marekani, na wenzake walichapisha uchambuzi wa kesi 300 za kukabwa zilizofika kwa polisi wa San Diego. Nusu ya waathirika hawakuwa na alama yoyote inayoonekana, na asilimia 35 walikuwa na alama hafifu mno kupigwa picha. Utafiti wa Nancy Glass na wenzake wa 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana uwezekano wa zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa. Nami, miaka ya nyuma, niliwahi kuandika “shingo ni ya kawaida” kwa mwanamke ambaye sauti ilikuwa imemkauka. Kizimbani nikaulizwa kama nilimuuliza kuhusu kumeza, kuzimia au kujikojolea, na kama nilitazama vidoti vya damu machoni. Sikuwa nimefanya lolote. Mtuhumiwa alitoka mlango ule ule nilioingilia.

Kwa hiyo fomu mpya ina sehemu nzima ya koo. Ina pia ngazi za maoni tulizoziazima kutoka Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa ulioandikwa kwa ajili ya kuchunguza mateso lakini unatufaa: jeraha haliendani na maelezo, linaendana, linaendana sana, ni la aina inayojulikana kutokana na kitendo hicho, au haliwezi kuwa na sababu nyingine. Kutokuwepo kwa jeraha nako kuandikwe kwa uangalifu. Si ushahidi kwamba hakuna kilichotokea. Na kile kipimo cha bikira, ambacho mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka kikomeshwe mwaka 2018, hakimo na hakitarudi nikiwa kwenye kiti hiki.

Vielelezo: nguo ziwekwe kwenye mifuko ya karatasi. Ndani ya plastiki, nguo mbichi huota kuvu na vinasaba huharibika. Kila anayepokea mfuko aweke jina, saa na saini. Lakini matibabu yatangulie: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zina kikomo cha saa 72, na mgonjwa asicheleweshwe kwa kusubiri karatasi ya mtu yeyote.

Kuhusu fedha, mweka hazina atasoma hesabu baada yangu; hakuna deni. Semina tulizoahidi kuhusu watoto hazikufanyika, na lawama ni yangu.

Fomu mpya ziko mezani karibu na mlango. Ukurasa wa tatu, kwenye mchoro wa mwili, mchapaji amebadilisha kulia na kushoto. Tafadhali rekebisheni kwa kalamu kabla hamjaondoka nazo.