Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: Chaneli ya bahari isifungiwe ndani ya kifurushi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Baada ya salamu kutoka Tanga, naingia moja kwa moja kwenye shauri lililonifanya nishike kalamu. Hapa mjini wapo vijana wanaoandaa maombi ya leseni ya chaneli maalum ya televisheni: habari za bahari, uvuvi, hali ya hewa na maisha ya mwambao, kutwa nzima. Mimi si mmoja wao na sina hisa kwao. Mimi ni fundi dishi, Ngamiani. Wao wanazungumzia kamera na studio, na ninyi bila shaka mtawauliza mtaji na mpango wa biashara. Swali ambalo sijamsikia mtu akiliuliza ndilo ninalokutana nalo kila nikipanda juu ya paa la mtu: kifurushi kikiisha, hiyo chaneli itaonekana?

Nikueleze hali ilivyo huku. Bahari inakula madishi. Ukifunga dishi la bati Sahare au Chongoleani, skrubu zinaanza kutoa kutu kabla mwaka haujaisha. Mkono unaoshika LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, unalegea, dishi linainama kidogo tu, kiasi ambacho aliye chini haoni, na picha zinaanza kuganda. Mwenye nyumba ananiita akiamini king'amuzi kimekufa. Napanda, nabadili nati, napaka grisi, nazungusha polepole huku kijana wa nyumbani ananipigia kelele kutoka sebuleni, "Bado! Bado! Hapo hapo!" Mawimbi yanarudi vizuri. Nashuka nikitegemea kuona taarifa ya habari, nakuta kioo kimeandikwa kwamba malipo yamekwisha. Mzee anacheka, ananiambia, "Iache hivyo hivyo fundi, tutalipia bahari ikitulia."

Kauli hiyo naisikia sana, na ndiyo hoja yangu yote. Mtumishi wa serikali analipwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo kifurushi cha mwezi kinamkaa sawa. Mvuvi analipwa na bahari. Wakati wa kaskazi bahari ni shwari, fedha inaonekana, watu wanalipia hadi chaneli za katuni. Ukiingia msimu wa kusi, kuanzia Mei na kuendelea, upepo unakaza, ngalawa zinalala ufukweni siku nyingi, mfuko unakauka, na cha kwanza kukatwa ni televisheni. Sasa tazama hapo, Ndugu Mkurugenzi. Msimu ambao mvuvi hana hela ya kulipia ndio huohuo ambao anahitaji zaidi kujua upepo wa kesho. Chaneli ya bahari iliyo ndani ya kifurushi itazimika kwa mvuvi wakati wa kusi na itawaka kwa mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kupanda mtumbwi. Sina ugomvi na watu wa Dodoma.

Najua vipo vifurushi vya siku na vya wiki, na mimi mwenyewe nawafundisha wateja namna ya kuvilipia kwa simu. Vinanunuliwa siku ya mechi kubwa. Sijamwona mtu akilipia kifurushi cha siku ili aangalie hali ya hewa.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kwetu Tanga mwanzoni mwa 2013, mlitenganisha kazi mbili ambazo zamani zilikuwa za mtu mmoja. Zamani mwenye kituo alikuwa na studio yake na mnara wake. Sasa mwenye maudhui ana leseni yake, na anayesambaza mawimbi ana leseni nyingine. Pamoja na hilo mliweka utaratibu kwamba zile chaneli za kitaifa za bure zibaki zikionekana hata kama mteja hajalipia. Utaratibu huo watu wengi hawaujui mpaka fundi awaonyeshe. Nimewahi kumkuta bibi mmoja Makorora amezima king'amuzi miezi, anadhani hakuna kinachoonekana bila malipo, kumbe TBC, televisheni ya taifa, ipo na angeiona siku zote. Naomba mlango huo ufunguliwe kidogo zaidi, chaneli ya bahari ipite. Leseni yake iwe ya kutazamwa bure, na msambazaji atakayeibeba afungwe na sharti la kutoizima kwa sababu ya kifurushi.

Utaniambia, kama serikali inataka maudhui maalum, TBC ipo. Ni kweli, na Desemba 2018 shirika hilo lilizindua Tanzania Safari Channel kwa ajili ya utalii. Nimeiangalia, ni kazi nzuri, na tembo wamepigwa picha mpaka unahesabu kope. Lakini sisi wa mwambao tuna mnyama wetu ambaye ulimwengu wa sayansi ulishamwandikia tanzia. Silikanti, samaki wa kale, alihesabiwa kuwa ametoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga, kuanzia 2004, wavuvi wa majarife, nyavu za kutega majini, wakawa wanampandisha kutoka kwenye kina kirefu pasipo kujua ni nani. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, inayokwenda kiasi cha kilomita 100 za pwani kuanzia mdomo wa Mto Pangani kuja kaskazini kupita mji wetu. Muulize mtoto wa shule ya msingi Usagara akuchoree simba, atakuchorea. Muulize silikanti, atakuuliza ni timu ya wapi.

Na hayo ndiyo mapambo tu. Kiini cha chaneli kiwe kazi ya kila siku. Bei ya mnada wa samaki Deep Sea, soko letu la samaki hapa Tanga, asubuhi hii, ili mwenye mzigo Kigombe ajue kama atauza pale alipo au atapakia kwenye bodaboda aje mjini. Mabaharia wazee wakifundisha kusoma bamvua na maji mafu, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana na siku za maji kutulia. Wanawake wa mwani. Madhara ya baruti, jambo ambalo mkoa wetu umelijua kwa uchungu, yaonyeshwe chini ya maji kwenyewe, matumbawe yaliyosagika. Kijana akiambiwa kwenye mkutano kwamba baruti inaua mazalia, anaitikia na kusahau. Akiliona tumbawe jeupe limelala kama kifusi, na pembeni yake jingine zima lenye samaki, hilo halimtoki.

Halafu tahadhari. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja mpaka kikaingia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mapema na redio zikazisoma. Nilikuwa pwani siku zile. Watu walikuwa wameshasikia kwamba kuna kimbunga. Walichokuwa wakibishania ni kiko wapi sasa, kinaelekea wapi, na je, Mkondo wa Pemba umo? Kila mwenye simu alikuwa na ramani yake, nyingine za siku mbili nyuma, nyingine za nchi nyingine kabisa. Chaneli moja yenye ramani moja, na mtu anayesema "ndani ya miamba mawimbi yatakuwa hivi, nje yatakuwa hivi", ingemaliza ubishi ule mapema.

Wapo watakaosema televisheni imepitwa na wakati, vijana waanzishe ya mtandaoni. Mtandaoni nako kuna leseni na ada. Tangu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 hilo tunalijua. Na bando ni kifurushi kwa jina jingine, linaisha haraka zaidi kwenye video. Televisheni moja kwenye banda la kahawa inaangaliwa na watu thelathini kwa umeme uleule.

Sasa kuna jambo moja linalonipa shida kwenye namna leseni zenu zilivyopangwa, na hapa naomba wataalamu wako wakae nalo. Ngazi zenu ni taifa, mkoa, wilaya. Bahari haimo kwenye mpangilio huo. Leseni ya mkoa itawapa Lushoto na Handeni chaneli ya uvuvi, na itawanyima Bagamoyo, Kilwa na Mtwara. Leseni ya taifa ni gharama ambayo vijana hawa hawaiwezi, na itawadai wafike Kigoma, ambako wana ziwa lao na mambo yao. Kinachotakiwa ni utepe: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara. Tena kuna Zanzibar, yenye Tume yake ya Utangazaji. Wavuvi kutoka Pemba wanakuja dago, yaani kambi ya uvuvi, huku kwetu, wanakaa wiki nzima, wanavua maji yaleyale. Wakirudi kwao usiku mmoja, wameshatoka kwenye mamlaka yako. Taasisi hizi mbili zikikaa meza moja kwa ajili ya chaneli moja, sidhani kama Muungano utatikisika.

Kuhusu chaneli ya bure itakula nini, wauza injini za boti, nyavu, barafu na mafuta wanatafuta mahali pa kujitangaza, ila hawatoshi kwa mwaka wa kwanza. Gharama inayoua vituo vidogo ni ile ya kumlipa msambazaji kila mwezi. Wapeni nafuu hapo kwa muda maalum, kisha wajitegemee.

Msiwape bila masharti, hata hivyo. Leseni iliyoombwa kwa jina la bahari isije ikageuka singeli na matangazo ya kubeti kuanzia asubuhi. Andikeni kwenye leseni saa ngapi kwa siku lazima ziwe za bahari kweli, na taarifa ya hali ya hewa irushwe alfajiri kabla watu hawajashusha vyombo, si saa mbili usiku peke yake. Kamati ya Maudhui ipitie kila mwaka. Wakikiuka, ondoeni. Nitakuja mwenyewe kuwasaidia kuondoa antena.

La mwisho. Maombi yakifika kwenu, najua mnatoa tangazo la kukusanya maoni ya umma. Tangazo hilo likikaa gazetini na kwenye tovuti peke yake, mtapata maoni ya watu wenye ofisi. Tumeni mtu Deep Sea, kwenye mnada, alisome kwa kipaza sauti, na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, za Mkinga, Pangani na hapa jiji wapelekewe nakala. Mkiitisha kikao, kiwekeni siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa hawatoki na taa zao na wako nyumbani. Ukumbi tutautafuta sisi, na televisheni ya kuonyeshea nitaileta mimi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi dishi,
Ngamiani, Tanga.