Kilimo hai: bei ya ziada ilipwe palipo na uthibitisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wanunuzi wengi wa hapa Dar es Salaam, hasa sisi tunaopanga matumizi ya nyumba kwa kipato kisichoongezeka: ni wakati gani inafaa kulipa zaidi ili kupata chakula cha kilimo hai, yaani kinacholimwa bila dawa wala mbolea za viwandani, na ni wakati gani fedha hiyo ingefanya kazi nzuri zaidi kwingine. Siku hizi neno "asilia" limebandikwa kwenye kila kitu, kuanzia asali hadi unga wa muhogo, na bei hupanda papo hapo bila muuzaji kuulizwa lolote.

Naanza na nyanya, kwa sababu hapo naamini bei ya ziada ina maana. Nyanya hushambuliwa sana na ukungu wakati wa mvua, na tangu mdudu anayeitwa kantangaze alipoingia nchini mwaka 2014, wakulima wengi wamelazimika kupiga dawa mara kwa mara ili wasipoteze shamba zima. Siwalaumu, maana mtaji wao wote uko pale shambani. Hata hivyo, dawa hizo huwa na idadi ya siku zinazopaswa kupita kabla ya kuvuna, ilhali nyanya huchumwa kwa awamu zinazofuatana kwa siku chache tu, na bei sokoni ikiwa nzuri ni wachache wanaosubiri. Ukiitazama nyanya kwa makini pale kwenye kikonyo, mara nyingi utaona unga mweupe uliokauka. Kilicho juu ya ganda hupungua sana kwa kusuguliwa katika maji yanayotiririka, lakini zipo dawa zinazopenya ndani ya mmea, na hizo haziondoki kwa kuosha. Ganda la nyanya na la pilipili hoho tunalila, na majani ya mchicha, chainizi na sukuma wiki tunayala yote. Kwa mazao hayo, na hasa katika nyumba yenye mjamzito au mtoto mdogo, naona ni busara kulipa zaidi, hata ikibidi kupunguza soda mezani.

Sioni sababu hiyo kwa muhogo, nazi, parachichi au nanasi. Muhogo wa wakulima wetu wadogo kwa kawaida hulimwa bila mbolea ya kiwandani wala dawa, uwe na nembo au usiwe nayo, na matunda yenye ganda nene tunayamenya. Anayelipia neno "asilia" hapo anauziwa kitu kilekile kwa bei nyingine.

Zipo pia hatari ambazo kilimo hai peke yake hakiziondoi, na hizi zinanisumbua zaidi kwa sababu hazizungumzwi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 sumu hiyohiyo ilisababisha vifo Dodoma na Manyara. Kuvu haibagui shamba la samadi na shamba la mbolea ya kiwandani. Inachohitaji ni joto na unyevu. Kwa mahindi na karanga, basi, anayestahili bei ya ziada ni mfanyabiashara aliyekausha vizuri, akachambua punje mbovu na kuhifadhi katika ghala kavu. Vivyo hivyo, mboga za bonde la Msimbazi zimewahi kupimwa na watafiti na kukutwa na madini mazito kama risasi. Mchicha unaweza kukuzwa kwa samadi tupu na bado ukanyonya uchafu uliomo ndani ya maji na udongo, kwa hiyo swali la kwanza kwa muuza genge liwe ni maji ya wapi yaliyomwagilia bustani.

Wala tusiwaahidi watu virutubisho vya ziada. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2012 haukupata ushahidi wa nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina lishe bora kuliko kingine, ingawa ulionyesha kwamba mabaki ya viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea, ni machache. Tunacholipia ni kupungua kwa mabaki hayo, pamoja na udongo na afya ya mkulima anayebeba bomba la dawa mgongoni, mara nyingi bila barakoa wala glavu.

Kinachoniudhi ni kwamba uwezo wa kuthibitisha tunao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, pamoja na nembo ya Kilimohai, na hata vikundi vya wakulima wadogo wanaokaguana wenyewe kwa utaratibu maalumu wanaweza kuipata. Pamba ya Meatu na kakao ya Kyela zimeuzwa nje kwa vyeti kwa miaka mingi. Mnunuzi wa Ulaya hudai cheti kabla hajatoa fedha. Mnunuzi wa Kariakoo anaonyeshwa kibandiko kilichochapishwa dukani. Ni sawa na kuku chotara anayeuzwa kwa bei ya kuku wa kienyeji. Muuzaji wa kweli hutaja kikundi, kijiji na cheti bila kukasirika, na asiyeweza kufanya hivyo hastahili hata shilingi ya ziada.

Ombi langu ni kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu: mboga zipimwe mara kwa mara katika masoko makubwa kama Ilala na Mabibo, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, soko kwa soko na zao kwa zao. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na itakuwa hasara kubwa iwapo hofu ya dawa itamfanya mzazi asiyemudu mboga zenye nembo apunguze mchicha wa wanawe. Mzazi huyo ana haki ya kujua kilichomo katika mboga za genge la mtaani kwake, na gazeti lako, Mhariri, litakuwa limefanya jambo kubwa likiyadai matokeo hayo na kuyachapisha.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam