Mpime kwanza, halafu mwache apumue

Goma, Septemba 2024

Mama Furaha mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Furaha hajaona siku zake tangu Julai, usiku halali, na shangazi zake wameshaanza kunong'ona habari za mimba. Kabla hujamkaripia, soma haya.

Yalinikuta mimi mwaka 2020. Machi ile, kwa ajili ya corona, walifunga shule, wakafunga na mpaka wetu na Gisenyi ya Rwanda, yakawa yanapita malori ya mizigo tu. Sisi wa kuvuka petite barrière, kile kivuko cha mpakani cha waenda kwa miguu, kila asubuhi na beseni kichwani tukabaki mtaani Birere tunatazamana. Hedhi ikapotea, ikaja nzito ajabu, ikapotea tena. Nilipima mimba, hakuna. Nikaamini nimerogwa. Muuguzi mmoja ndiye aliyenieleza: amri ya yai kukomaa inatoka kwenye ubongo, na ubongo ukizidiwa na hofu, njaa au kukosa usingizi, unaiahirisha. Yai likichelewa, damu nayo inachelewa.

Wale waliosema chanjo ya corona itatufunga uzazi walitutisha bure. Utafiti wa Marekani ulikuta mzunguko ukichelewa kwa wastani usiofika hata siku moja, kisha unarudi kama kawaida.

Ila kilichonitesa zaidi ni nyumba. Chumba kimoja, baba watoto ndani kutwa, watoto ndani kutwa. Vitambaa vyangu vya hedhi nilivianika chini ya kitenge kilicholowa ili visionekane, jua halivifikii, navivaa na unyevu wake, nawashwa mpaka najikunja. Maji ya bidoni yalikuwa kwanza ya ndoo ya kunawia pale mlangoni, na ole wako mgeni aikute tupu! Mimi nilifulia maji yaliyosuuza vyombo. Pesa ya pedi ilikuwa ya kwanza kukatwa na hakuna aliyeuliza. Nilikuwa nalia huku natwanga sombe, majani ya muhogo; nikiulizwa, nasema pilipili.

Shirika la Afya Duniani lilikuja kutangaza kwamba mwaka wa kwanza wa corona wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani, na walioumia zaidi ni vijana na wanawake. Mpaka ulipofunguliwa tena, walitupima homa kila siku. Kuhusu usingizi au hedhi, sikuulizwa na mtu.

Sasa ni mpox, ugonjwa wa vipele unaoambukizwa kwa kugusana, tena aina hii mpya imeanzia huko huko kwenu Kivu Kusini, Kamituga. Binti wa miaka 17 anayejikagua ngozi kila akiamka, anayeogopa hata kusalimia kwa mkono, unashangaa nini mwili wake ukigoma?

Basi mpime mimba, ndiyo, lakini wewe na yeye tu, shangazi wasijue. Kama haipo, mpe kalenda awe anaweka alama. Miezi mitatu ikipita bila kitu, mpeleke kituo cha afya. Na damu ikija ya kujaza pedi kila saa, au akipata kizunguzungu, usingoje hata kesho. Mtafutie ndoo yake mwenyewe, na vitambaa vianikwe juani, atakayeona aone. Usiku akikaa macho, kaa naye bila kumhoji.

Nimempa jirani anayeshuka na boti ya Alhamisi mfuko wa pedi na sabuni. Na Furaha anipigie mwenyewe, saa ambayo wewe uko sokoni.

Wako,
Mama Baraka