Mnara wa taa ziwani si pambo

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 bila kukuandikia hata mara moja, lakini ile taarifa ya Jumapili kuhusu mnara wa taa wa bandari ya Chicago, Marekani, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako aliueleza mnara ule kama mahali pa watalii kupigia picha, kisha akamalizia kwa kusema kwamba minara ya namna hiyo ni mambo ya baharini, kwa kuwa ziwani mtu huona ng'ambo. Ziwa Michigan lina kilomita za mraba zipatazo 58,000, na Victoria letu linakaribia 69,000. Nani aliwahi kusimama Bukoba akaiona Musoma?

Historia aliyoiruka ndiyo iliyostahili kuandikwa. Mnara wa kwanza wa Chicago uliporomoka mwaka 1831 kabla haujawashwa, wakajenga mwingine mwaka uliofuata. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Septemba 1860, meli ya abiria Lady Elgin iligongana na jahazi lililopakia mbao katika ziwa hilohilo na watu wapatao 300 wakafa. Mwaka 1873, kaskazini kidogo ya mji, ukajengwa mnara wa Grosse Point. Huu wa bandarini ni wa mwaka 1893, mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago, na ulipewa lenzi ya Fresnel iliyokuwa imekusudiwa kwenda Point Loma, California. Lenzi hiyo ni vipande vya vioo vilivyopangwa kwa duara, navyo huukusanya mwanga ambao ungepotelea juu na chini na kuutupa mbali juu ya maji. Kufikia 1919 mnara ulikuwa umehamishiwa kwenye ncha ya ukuta wa kuzuia mawimbi, ukaongezewa chumba cha honi ya ukungu na banda la boti, na taa haikuanza kujiendesha yenyewe hadi 1979. Watu hawahamishi mnara mzima kwa ajili ya picha.

Ninayasema haya kwa sababu yamenipata. Mwaka 1988, nikiwa mwalimu Ukerewe, nilipanda boti la mbao usiku kumpeleka mwanangu Mwanza, homa ikiwa imempanda hata hawezi kuinua kichwa. Ulikuwa usiku wa giza, ule ambao wavuvi wa dagaa huungoja. Baada ya saa kadhaa tuliona taa nyeupe zimejipanga mbele yetu, nahodha akasema hiyo ndiyo Mwanza, nasi tukazifuata kwa karibu saa nzima, mimi nikimnong'oneza mtoto kwamba tumefika. Hazikuwa taa za mji. Zilikuwa karabai za mitumbwi, na tulipozikaribia zikaanza kuyumba pamoja na mawimbi, tukasikia watu wakivuta nyavu. Mvuvi mmoja aliinua karabai yake juu na kupaza sauti, "Rudini, mwamba huo!" Nyuma ya bega lake nikaona jiwe limeinuka kutoka majini, jeupe kwa kinyesi cha ndege, hatua chache tu kutoka tulipo. Nahodha alikata kona, ubavu ukakwaruza, mbao mbili zikapasuka, na mpaka alfajiri tulikuwa tukichota maji kwa sufuria, mtoto akiwa amelazwa juu ya magunia. Ndiyo maana taa ya mnara huwaka na kuzima kwa mpangilio wake yenyewe: nahodha huhesabu sekunde, akajua kwamba ile si karabai, si mji, si moto wa kambini, ni bandari fulani na si nyingine. Sisemi kwamba MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 kwa kukosa taa. Ilibeba watu kupita kiasi. Nasema kwamba ziwa letu huua, na taarifa inayolifanya dimbwi inawadhulumu wanaolivuka usiku.

Wapo watakaouliza mkazi wa Dodoma ana haja gani na ziwa. Dagaa ninaowanunua soko la Majengo walivuliwa usiku na watu kama yule mvuvi. Na ugonjwa wa taa zisizo na mwenyewe tunao hata sisi wa nchi kavu: hapa Kizota, kwenye kivuko cha korongo, taa ya sola imezimika tangu kabla ya mvua za mwaka jana, na mara tatu nilizokwenda kuulizia nimeelekezwa ofisi nyingine.

Ninakuomba basi, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, uchapishe jedwali dogo la bandari za Mwanza, Bukoba, Musoma na Nansio kule Ukerewe, pamoja na Kigoma kwa upande wa Ziwa Tanganyika. Kwa kila bandari lionyeshe rangi ya taa, sekunde kati ya mmweko na mmweko, tarehe ilipokaguliwa mara ya mwisho, na namba ya simu ya mtu wa kupigiwa ikizimika. Herufi ziwe kubwa, ili ukurasa uweze kukatwa na kubandikwa kwenye kibanda cha tiketi. Likitoka la kwanza, nitanunua nakala 10 kwa pensheni yangu na kuzituma Nansio kwa basi.

Mwalimu mstaafu,
Kizota, Dodoma